Nani Aliagiza Picha Hiyo?

Mama Hilton hakutaka nyumba yake ionekane pichani. Mpiga picha alikuwa amekwisha kufika na gari lake la farasi, ameteremsha kamera, anatafuta mahali pa kuipanga familia, na mwenye nyumba akakataa katakata. Nyumba ile ilikuwa imejengwa kwa mabonge ya udongo, kama zilivyokuwa za majirani wengi katika Kaunti ya Custer, jimbo la Nebraska, na jamaa waliobaki mashariki ya Marekani hawakupaswa kuiona. Lakini ndani alikuwa na kinanda, kile cha kupigwa kwa vidole huku miguu ikikanyaga mivukuto ya upepo. Hicho ndicho alichotaka jamaa wakione. Basi kinanda kikatolewa nje, kikaburutwa mpaka uwanja wa mifugo, wazazi na watoto wakasimama kukizunguka, picha ikapigwa, na kinanda kikarudishwa ndani.

Mpiga picha huyo aliitwa Solomon Butcher. Kati ya 1886 na 1892 alizunguka shamba kwa shamba katika kaunti ile na kupiga picha zaidi ya 1,500 za walowezi mbele ya makazi yao. Katika wasanii wa karne ya 19 walioacha kumbukumbu ya maisha ya mpakani mwa Marekani, pale makazi mapya yalipokuwa yakisukumwa kuelekea magharibi, ni wachache mno wanaostahili kutazamwa kwa makini kama yeye. Ila si yeye anayejulikana. Picha zinazorudiwa-rudiwa katika vitabu vya historia ni za wachoraji wa mijini, waliofanya kazi kwa maagizo ya wachapishaji, na kwa miaka mingi zimechukuliwa kama ushahidi wa mambo yalivyokuwa. Si haki kuendelea hivyo, na suala hili linamhusu pia msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye ameijua Magharibi ya Marekani tangu enzi za sinema za kauboi bila kuambiwa sura ile ilitengenezwa na nani.

Chukua mchoro maarufu kuliko yote, ule wa John Gast wa mwaka 1872. Mwanamke mkubwa aliyevaa kanzu nyeupe anaelea angani kutoka mashariki kwenda magharibi, nyota kwenye paji la uso, kitabu cha shule mkononi, huku akivuta waya wa simu ya maandishi. Chini yake wanakuja wakulima na jembe la kukokotwa, magari ya farasi, treni. Mbele yake, kwenye giza la upande wa kushoto, wenyeji asilia na nyati wanakimbia. Mchoro wenyewe ni mdogo, upana wake haufiki nusu mita, na leo umo katika jumba la makumbusho la Autry mjini Los Angeles. Gast alikuwa na karakana yake Brooklyn, New York. Aliyemwagiza kazi alikuwa George Crofutt, mchapishaji wa vitabu vya kuwaongoza wasafiri wa treni kwenda Magharibi, naye ndiye aliyemweleza nini kiwemo. Crofutt akaichapisha picha ile kwa rangi na kuisambaza kwa wasomaji wake. Kwa maneno mengine, lilikuwa tangazo la biashara ya safari. Lina thamani kubwa kwa anayetaka kujua jinsi wafanyabiashara wa 1872 walivyotaka nchi ile ionekane. Kuhusu maisha ya mlowezi hata mmoja, halisemi lolote.

Mfano wa Fanny Palmer unafundisha zaidi, kwa sababu alikuwa msanii hodari sana. Alizaliwa Leicester, Uingereza, akahamia New York, na kwa miaka mingi alikuwa nguzo ya kampuni ya Currier na Ives, iliyouza picha za chapa kwa bei ambayo mwenye duka dogo au mkulima aliimudu. Mwaka 1868 alichora treni ikitoka kwenye kijiji cha vibanda vya magogo na kunyoosha moja kwa moja hadi upeo wa macho. Upande mmoja wa reli kuna jengo lililoandikwa kuwa ni shule ya umma, watoto wako nje, wanaume wanakata miti. Upande wa pili, wenyeji wawili juu ya farasi wamesimama, na moshi wa treni unawafunika. Kwenye behewa pameandikwa kwamba treni inatoka New York kwenda San Francisco bila kukatisha. Reli yenyewe ilikuwa bado haijakutana! Iliunganishwa tarehe 10 Mei 1869 huko Promontory, Utah. Palmer alichora safari ambayo hakuna abiria aliyekuwa ameifanya, katika nchi ambayo yeye hakuwahi kufika, na picha hiyo ikatundikwa kwenye kuta za sebule nyingi kama habari ya kweli.

Hata mchoraji aliyekulia huko huko hakusalimika na mkono wa mnunuzi. George Caleb Bingham aliletwa Missouri akiwa mtoto mwaka 1819, akaujua mto ule na watu wake kwa macho yake. Mwaka 1845 alichora mtumbwi ukiteremka mto alfajiri: mzee wa Kifaransa anapiga kasia, kijana ameegemea mzigo wa ngozi, na mbele kabisa amefungwa mnyama mdogo mweusi ambaye wataalamu bado wanabishana kama ni dubu au paka. Bingham aliipa kazi yake jina lililotaja kwamba kijana yule alikuwa mtoto wa mzee, mwenye damu ya Kizungu na ya wenyeji. Chama cha sanaa cha New York kilichoinunua kikabadilisha jina, wakawa wafanyabiashara wa ngozi tu. Undugu wao ukafutwa kwa kalamu moja, na kwa hilo ukafutwa ukweli mkubwa wa maisha ya mpakani: kwamba kabla ya treni na waya, watu wa pande mbili waliishi pamoja, wakaoana na kuzaa.

Ndiyo maana Butcher ana uzito wa pekee. Yeye alifika.

Alizaliwa mwaka 1856 katika sehemu ya Virginia ambayo sasa ni West Virginia, akakulia Illinois, na huko akajifunza kupiga picha. Mwaka 1880 alikwenda Nebraska na baba yake kutafuta ardhi. Chini ya sheria ya mwaka 1862, mtu aliyetimiza miaka 21 au mkuu wa kaya aliweza kuandikishiwa ekari 160 kwa ada ndogo, na ardhi ikawa yake akiishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Kwa sheria hiyo serikali ya Marekani hatimaye iligawa takriban ekari milioni 270. Butcher hakudumu hata mwezi mmoja kwenye shamba lake. Akalirudisha, akaenda kujaribu masomo ya udaktari Minnesota, akaoa, akarudi Nebraska bila fedha. Mwaka 1886 akapata wazo la kuandika historia ya kaunti nzima kwa picha na kwa masimulizi ya wenyewe walioishi. Aliandika baadaye kwamba wazo hilo lilimnyima usingizi kwa siku saba.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyosikika. Kamera ya siku zile ilitumia vioo, kila picha kioo chake, cha sentimita kama 16 kwa 21, kizito na rahisi kuvunjika kwenye gari linalorukaruka njiani. Familia zilimlisha, zikampa mahali pa kulala, zilizokuwa na uwezo zikamlipa. Aliwataka watoke nje kwa sababu ndani hamkuwa na mwanga wa kutosha, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mchoraji wa New York asingeweza kulibuni: watu walichagua wenyewe cha kuonyesha. Walileta farasi wao bora, cherehani, ndege kwenye kizimba. Familia ya Sylvester Rawding, mwaka huo huo wa 1886, ilitoa meza nje na kuweka tikiti maji lililokatwa. Nyuma yao, kwa kuwa nyumba imechimbwa kwenye mteremko wa kilima, ng'ombe anaonekana kama amesimama juu ya paa.

Nyumba zenyewe zinastahili kusimuliwa. Nebraska ya kati haikuwa na miti ya kujengea, bali nyasi ambazo mizizi yake ilisukana ardhini kwa karne nyingi. Mlowezi alipasua ardhi kwa plau maalumu, akakata vipande vya urefu wa karibu mita moja, akavipanga kama matofali huku upande wa nyasi ukiwa chini. Ukuta ulifikia unene wa zaidi ya nusu mita, na nyumba moja ya chumba kimoja ilimaliza nyasi za karibu nusu ekari. Anayezijua tembe za Wagogo ataelewa faida yake: baridi wakati wa joto, joto wakati wa baridi. Ataelewa na kero yake. Mvua ikinyesha siku mbili nje, ndani hudondoka ya tatu. Akina mama walitandaza vitambaa chini ya dari kuzuia udongo na nyoka wasiangukie chakula. Ukitazama picha za Butcher kwa ukaribu utaona madirisha ya kioo yaliyonunuliwa dukani yakiwa yamepachikwa ndani kabisa ya kuta zile nene, na mara nyingi kwenye kingo zake kuna maua kwenye makopo. Kopo la maua juu ya ukuta wa udongo linaeleza maisha ya mwanamke yule kuliko malaika wote wa John Gast.

Wanawake wamejaa katika kazi hii, tena si wa kuelea angani. Mwaka 1886 Butcher aliwapanga dada wanne wa familia ya Chrisman mbele ya nyumba ya udongo, farasi wawili wenye matandiko kando yao. Sheria iliwaruhusu wanawake wasioolewa kuandikishiwa ardhi, na dada hao walikuwa na mpango. Kila mmoja alipofika umri alichukua shamba lake, na wakapokezana kwenda kuishi pamoja ili asiwepo anayebaki peke yake nyikani huku wakitimiza sharti la kukaa. Watatu walifanikiwa. Mdogo wao alipofikisha miaka 21, ardhi ya kugawiwa ilikuwa imekwisha. Kwenye picha amesimama na wenzake, bado hajui hilo.

Kuna familia ya Shores pia, iliyopigwa picha mwaka 1887 karibu na Westerville. Jerry Shores alikuwa ameachwa huru kutoka utumwani, na ukoo wake ulibeba jina la aliyekuwa bwana wake. Ndugu yake aliyeishi jirani aliitwa Moses Speese, kwa kuwa yeye alimilikiwa na mtu mwingine. Ndugu wa tumbo moja, majina mawili ya ukoo, na sababu ni karatasi za mauzo ya binadamu. Wamekaa wametulia mbele ya nyumba ya udongo, mbwa wao miguuni, wenye ardhi. Sinema za Magharibi zilizopita kwenye kumbi za Afrika Mashariki ziliwaficha watu weusi hawa kiasi kwamba wengi wetu hatujui kuwa walikuwepo. Butcher hakuwaficha, na picha yao ilikuwepo miaka yote hiyo kwa yeyote aliyetaka kuitafuta.

Je, Butcher hakudanganya? Alidanganya, na inafaa isemwe wazi. Alipotaka kuonyesha ugomvi wa walowezi na matajiri wa mifugo waliozungushia seng'enge ardhi ya umma, aliwakusanya watu wakaigiza ukataji wa uzio uliotokea mwaka 1885, miaka kama 15 baada ya tukio. Alifanya hivyo pia kwa kisa cha kikatili zaidi, cha Luther Mitchell na Ami Ketchum, walowezi wawili waliouawa na kundi la mfugaji tajiri I. P. Olive mwaka 1878. Kwenye baadhi ya vioo alichora kwa mkono vitu ambavyo havikuwapo, na mchoro wenyewe ni wa kitoto kiasi kwamba jicho la kawaida huutambua. Tofauti yake na Gast ni kwamba udanganyifu wake unakamatika. Kwa kila tukio lililoigizwa kuna mamia ya picha ambazo hakuna mtu aliyekuwa na faida ya kuzipotosha, isipokuwa pale mama mwenye nyumba alipotaka kujisitiri mbele ya ndugu zake.

Udanganyifu mkubwa zaidi hauko kwenye kioo chochote. Uko kwenye uwanda mtupu unaoonekana nyuma ya kila familia. Msomaji anaweza kudhani nchi ile ilikuwa tupu tangu kuumbwa. Haikuwa hivyo. Bonde la mto Loup, ambao matawi yake yanapita Kaunti ya Custer, lilikuwa nchi ya Wapawnee. Walitia saini kuachia sehemu kubwa ya ardhi mwaka 1857 na kubaki na eneo dogo lililotengwa kando ya mto huo huo. Agosti 1873 wawindaji wao pamoja na wake na watoto walishambuliwa na Walakota kusini-magharibi mwa Nebraska, wakauawa wengi. Katika miaka iliyofuata, wakibanwa na njaa, maradhi na walowezi, wakahamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Kaunti yenyewe iliundwa mwaka 1877 na kupewa jina la Custer, kamanda aliyeuawa mwaka mmoja kabla akipigana na Walakota na Wacheyenne. Butcher alipopita na gari lake, ilikuwa imepita miaka kumi tu tangu wenyeji waondoke.

Ushahidi wa picha upo, ila ni wa mtu mwingine. William Henry Jackson, aliyekuwa na studio Omaha, alikipiga picha kijiji cha Wapawnee kando ya Loup mwishoni mwa miaka ya 1860 na mwanzoni mwa miaka ya 1870. Zinaonekana nyumba kubwa za mviringo, zenye nguzo za miti ndani na udongo wa nyasi juu, watu wamekaa mapaani na milangoni. Ziweke picha hizo kando ya za Butcher: mto uleule, udongo uleule, ujenzi wa kutumia nyasi zilezile, na muda kati yao haufiki miaka 20. Hakuna maelezo ya mwalimu yatakayoonyesha kilichotokea pale kwa nguvu kama picha hizo mbili kwenye ukurasa mmoja. Kuzichapisha kila moja peke yake ni kusimulia nusu ya habari.

Na wenyeji wenyewe nao walichora. Mwaka 1875 serikali iliwapeleka wafungwa zaidi ya 70 wa kutoka nyanda za kusini, wengi wao Wacheyenne na Wakiowa, hadi ngome ya Fort Marion, St. Augustine, Florida, wakakaa huko mpaka 1878. Walipewa penseli, rangi na daftari, na baadhi yao wakawa wasanii ambao kazi zao ziliuzwa kwa watalii. Mmoja wao, Mkiowa aliyeitwa Wohaw, alijichora mwaka 1877 akiwa amesimama katikati. Upande mmoja ni nyati na hema, upande wa pili ni ng'ombe wa kufugwa na nyumba ya mbao. Amenyoosha kiko kwa kila upande, na mguu wake mmoja umekanyaga matuta ya shamba lililolimwa. Hakuna mchoraji wa Brooklyn aliyeweza kuona hilo, kwa kuwa hakuna aliyetakiwa kuchagua. Wohaw alijua maana ya shamba, nyumba na ng'ombe kwa mtu ambaye vilikuwa vikimjia bila yeye kuviomba. Daftari lile linapaswa kuhesabiwa kuwa kumbukumbu ya makazi mapya kama vioo vya Butcher, na wahariri wanaoliweka kwenye sura ya mapambo ya kikabila wanalikosea heshima.

Mwisho wa Butcher ulikuwa wa huzuni. Ukame na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1890 ulisimamisha kazi yake, wateja wake wengi wakaacha mashamba na kuondoka. Mwaka 1899 nyumba yake iliungua, na moto ukateketeza masimulizi ya familia aliyokuwa ameyakusanya kwa miaka mingi. Vioo vilinusurika kwa sababu vilihifadhiwa ghalani. Alianza tena kukusanya habari, na mwaka 1901, kwa msaada wa fedha za mfugaji mmoja aliyekuwa rafiki yake, akachapisha kitabu cha historia ya Kaunti ya Custer. Miaka kumi hivi baadaye aliuza mkusanyo wake kwa chama cha historia cha jimbo. Alipokea dola 600, pungufu ya alizoahidiwa. Alifariki Colorado mwaka 1927 akiamini kwamba maisha yake hayakuzaa kitu.

Hukumu hiyo ilikuwa na kosa, na bado kuna nafasi ya kuirekebisha. Wahariri, wachapishaji wa vitabu vya shule na watengenezaji wa vipindi vya televisheni wa hapa kwetu hununua au kupakua picha za Magharibi ya Marekani kila mwaka, na mara nyingi huishia kwa Gast kwa kuwa ndiye anayejitokeza kwanza. Waandike basi chini ya picha yake kwamba iliagizwa na mchapishaji wa vitabu vya wasafiri. Ni mstari mmoja tu. Waandike chini ya picha ya Palmer kwamba reli ilikuwa haijakamilika. Wakitaka kuonyesha maisha ya walowezi, wachukue ya Butcher, na wakiitumia hiyo waweke kando yake ya Jackson au ya Wohaw. Mwalimu wa sekondari anaweza kufanya hivyo hivyo ubaoni bila kusubiri mtaala: awaulize wanafunzi nani alilipa, nani alisimama pale, nani ameondolewa. Maswali hayo yanafaa pia kwa picha za kikoloni za Bagamoyo, Zanzibar na Nairobi zinazochapishwa magazetini bila maelezo.

Kisingizio cha gharama hakipo tena. Vioo vya Butcher vinatunzwa mjini Lincoln, Nebraska, vimewekwa kwenye mfumo wa kidijitali, na nakala zake zinapatikana bure mtandaoni. Zimenakiliwa kwa ubora mkubwa, na ukizikuza kwenye skrini unaweza kuchungulia ndani ya milango ambayo macho ya wakati ule yaliona giza tupu. Mwenye simu na bando aanze na familia ya Shores.